Nilivyoileta Datsun 260Z ya otomatiki kutoka Lushoto mpaka Kimara bila kuua giaboksi

Niseme ukweli kabla sijaanza, gari ya kwanza niliyoivuta niliiua mwenyewe. Ilikuwa Toyota Mark II, GX100, altaneta ilikufa maeneo ya Chalinze usiku, jamaa yangu akaja na pikapu na kamba ya katani, tukafunga, nikaweka nyutro, tukaja nayo mpaka Dar zaidi ya kilomita mia, na kwa sababu barabara ilikuwa nyeupe jamaa alikuwa anatembea themanini, kuna sehemu naona kabisa anagusa tisini, mimi nimekaa kwenye steringi najiona mjanja nimeokoa hela ya bredauni. Kesho yake altaneta ikatengenezwa, gari ikawaka safi, nikaweka D, injini ikanguruma, gari imesimama palepale kama imemwagiwa zege. Fundi akachomoa dipstiki ya oili ya giaboksi akaninyooshea ninuse, hajasema kitu. Inanuka kama ugali ulioungua chini ya sufuria, rangi nyeusi tii.

Ndipo nikafundishwa kitu ambacho nilitakiwa nikijue kabla ya kumiliki gari ya otomatiki. Ndani ya giaboksi kuna pampu ya oili, na hiyo pampu inazungushwa na injini, iko mbele karibu na ile tokokonveta inayounganisha injini na giaboksi. Injini ikizima, pampu imelala. Lakini matairi ya nyuma yakizunguka yanazungusha difu, difu inazungusha propela shafti, lile bomba refu la chuma kati ya difu na giaboksi, propela shafti inazungusha vyuma vya nyuma ndani ya giaboksi, na vyote vinazunguka vikavu. Nyutro inaitenga injini tu, matairi haiyatengi. Mimi niliona gari imepumzika kumbe kule chini ilikuwa kazini saa mbili nzima bila tone la oili.

Najua kuna wazee watabisha waseme mbona Mercedes za zamani za otomatiki zilikuwa zinasukumwa na kuwaka. Kweli, baadhi zile zilikuwa na pampu ya pili kule nyuma. Mark II yako haina, na Datsun yangu haina.

Sasa tuje kwenye Datsun. Miaka mingi nimekuwa natafuta Z, sababu ni baba. Alikuwa anatusimulia Safari Rally walivyokuwa wanaifuatilia redioni, 1971 Edgar Herrmann anashinda na Datsun 240Z, halafu 1973 Shekhar Mehta anashinda tena na 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi ya kwanza. Hiyo hadithi ya kulingana pointi nimeisikia labda mara mia mbili. Kwa hiyo niliposikia kuna Z imefunikwa kwenye banda Lushoto, miaka kumi na moja haijatembea, sikulala.

Si 240 yenyewe, ni 260Z ya siti nne, ile wanayoiita tu-plasi-tu, wenzake wa siti mbili ni wafupi, hii wameirefusha sentimita thelathini kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Na ni otomatiki, gia tatu. Marafiki zangu wote wamecheka, wanasema Z ya otomatiki ni sawa na pilau bila viungo. Sawa. Mwenye nayo alikuwa mzee aliyefanya kazi kwenye mashamba ya katani, goti lake moja lilikuwa bovu, klachi asingeweza, ndiyo maana akanunua otomatiki. Ameshafariki. Mkewe ndiye aliyeniuzia.

Nilifika nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, wewe ndiye wa gari?" Akaingia ndani akatoka na kibakuli cha sukari kisichokuwa na sukari, ndani kuna funguo mbili na vifungo vya shati. Ule ufunguo ulikuwa na thamani kuliko nilivyojua wakati ule, maana bila ufunguo steringi imejifunga na gari iliyofunga steringi huipeleki popote, itakwenda kule ilikokuwa imeangalia toka mzee alipoiacha. Kwa hiyo ukienda kununua gari iliyolala, kitu cha kwanza ulizia ufunguo, cha pili kadi ya gari. Kadi tukaipata, mkataba wa mauziano tukauandika kwa mwanasheria siku ileile na picha za wote wawili, kwa sababu nilijua njiani nitaulizwa, na niliulizwa.

Gari ilikuwa imeachwa kwenye P, pua imeangalia mteremko, hendibreki haijavutwa. Maana yake uzito wote, tani moja na ushee, ulikuwa umeegemea kile kijino kidogo cha P ndani ya giaboksi kwa miaka kumi na moja. Livya haitoki. Kijana mmoja akashika kwa mikono miwili anataka kuivunja, nikamtoa. Tulisimama watu watano mbele tukaisukuma kurudi nyuma kidogo tu, kiganja kimoja, ikalia tak, livya ikateleza yenyewe mpaka N. Kinyume chake, kama hendibreki ingeachwa imevutwa, pengine zile lainingi za nyuma zingekuwa zimegandia kwenye doramu na tungekuwa tunafungua doramu na nyundo.

Breki za miguu hakuna, pedo inakwenda mpaka sakafuni. Matairi yamepasukapasuka, tuliingiza tyubu tukajaza upepo, yakakaa. Sikutaka yatembee, nilitaka yazunguke tu mpaka juu ya gari lingine.

Hapa sasa ndipo kelele zilipoanza. Bredauni niliyokodi, ile ya kulaza kitanda chenye winchi, ilitoka Dar kwa laki tisa, dereva akafika akakataa kuingia njia ya nyumbani kwa mama, kama kilomita mbili za udongo zenye kona moja ambayo kweli hata mimi nisingeingia na lile dude. Akatokea bwana mmoja ana Land Cruiser, ana sauti kubwa, anasema kwa nini mnasumbuka, mimi naivuta moja kwa moja mpaka Mombo huko chini, kilomita thelathini na tatu tu, bredauni itangulie ikasubiri lami tambarare. Watu wote wakaona hilo ndilo wazo. Ni rahisi, ni mteremko, gari inakwenda yenyewe!

Kama hujawahi kushuka ile barabara ya Lushoto kwenda Mombo, ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima upande mwingine korongo, mabasi yanapanda yanapiga honi kabla ya kila kona. Gari isiyo na breki nyuma ya kamba, kila unapofunga breki mbele yule wa nyuma anakuja kukugonga, na kwenye kona anataka kwenda kwake. Halafu kilomita thelathini na tatu giaboksi inazunguka bila oili. Nilimwambia bwana asante sana, utanivuta hizo kilomita mbili tu, na si kwa kamba, kwa chuma. Akaniona mtu wa Dar mwenye madoido.

Hata kwa hizo mbili fundi wangu alisema tufungue propela shafti. Mimi mwenyewe nilimbishia, kilomita mbili polepole haziui kitu. Akaniuliza, "Oili iliyomo humo unaijua ni kiasi gani?" Sijui. Gari haiwaki, na oili ya giaboksi ya otomatiki inapimwa injini ikiwa inanguruma. "Basi hujui kama imo hata kidogo. Shuka."

Kwenye hii gari kazi yenyewe ni bolti nne upande wa difu, zilikuwa zimeshika kutu, tukamwagia oili chafu ya dizeli tukasubiri tukinywa chai ya mama. Kabla ya kutenganisha, weka alama ya rangi au patasi pande zote mbili ili siku ya kurudisha ikae vilevile, usipofanya hivyo unaweza kuja kusikia mtetemo kwenye mwendo ukatafuta mchawi. Upande wa mbele haina bolti, inachomoka tu kwenye mkia wa giaboksi, na ikichomoka oili inaanza kutoka pale, nyekundu kama juisi ya rozela. Fundi akataka mfuko wa rambo aufunge, tukacheka wote, rambo zimepigwa marufuku toka 2019, mama akaleta pakiti ya maziwa iliyooshwa, tukaivisha pale tukaikaza na mpira wa tyubu. Imekaa mpaka leo.

Chuma cha kuvutia tulikifunga kwenye ile ndoano ya chini iliyokazwa kwenye chasisi. Bampa la hizi gari ni pambo, ukilifunga kamba litabaki mkononi mwako. Mimi nikakaa kwenye steringi, ufunguo umegeuzwa steringi ikawa huru, dirisha wazi ili nisikie, fundi anatembea pembeni na gogo. Mwendo wa mtu anayetembea. Tulitumia nusu saa na wale wanafunzi waliokuwa wanatoka shule walitupita.

Tulipofika barabarani dereva akalaza kitanda, na hapo ikaonekana Z ni ya chini kiasi gani, ile pua ndefu ingegusa kabla tairi halijafika kwenye chuma. Mbao mbili za bandani kwa mama, moja juu ya nyingine kila upande, mpando ukawa wa taratibu, ikapita imebaki upana wa vidole viwili. Wenye magari ya chini, beba mbao zako, usitegemee utazikuta.

Sasa lile tukio ambalo hata nikiandika mkono unakuwa wa baridi. Winchi imevuta, gari imefika juu, kitanda bado kimeinama. Utingo akaingia ndani ya gari akaweka P, akatoka akapiga ubao, "Tayari!" Dereva akalegeza waya ili wahamishe ndoano. Na mimi nimesimama pale naangalia, mtu niliyefungua propela shafti kwa macho yangu, sikukumbuka. P inashika giaboksi. Giaboksi inashika propela shafti. Propela shafti iko kwenye buti la gari imefungwa kwenye khanga! Matairi hayajashikwa na kitu chochote duniani. Gari ikaanza kurudi, kimya kabisa, hakuna kelele, nilichosikia ni mbao ikilia.

Iliyotuokoa ni mjukuu wa mama, kijana wa kidato cha pili, nilikuwa nimempa gogo la mgrivea tulipoanza kuvuta nikamwambia tembea nalo nyuma ya tairi kila inaposogea, na yeye alikuwa bado yupo pale pembeni, hajaambiwa aache, akalisukumiza. Tairi likapanda gogo nusu likarudi. Utingo alikuwa ameshashuka amesimama nyuma ya gari anajikuna. Hatukugombana, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana. Dereva akakaza waya tena, kitanda kikarudi kulala sawa, ndipo tukafunga.

Kwenye kufunga nako kulikuwa na ubishi. Walizoea kupitisha cheni kwenye mikono ya suspenshi ya mbele na kukaza mpaka gari inakaa chini, wanasema ikikaa chini haitikisiki. Shida ni kwamba ukiifunga bodi ikakandamiza springi, kila tuta gari inazama, mkanda unalegea sekunde ileile, halafu gari inaruka inaukata au inaukwaza. Na cheni kwenye chuma chembamba cha miaka karibu hamsini, ikipinda sitapata kingine Kariakoo wala Gerezani. Nilikuwa nimenunua mikanda minne ya kukaza kwa racheti, tukaipitisha juu ya matairi yenyewe, kila tairi na wake, ya nyuma inavuta kwenda nyuma ya mbele inavuta kwenda mbele, kwa hiyo magurudumu yamebanwa kwenye kitanda na bodi imeachwa icheze kwa springi zake kama iko barabarani. Mabanzi ya mbao mbele na nyuma ya matairi yakapigiliwa. Waya wa winchi tukauacha umeshika kidogo, kama shahidi tu. Pua mbele, kwa sababu boneti la Z linafungukia upande wa kioo, limeshikiliwa kule mbele, ukilibeba gari kinyumenyume upepo unaweza kuingia chini ya boneti ukalifungua likapiga kioo.

Tulianza kushuka saa nane mchana. Dereva nilimpa maneno mawili tu, gia ndogo na tusimame Soni. Soni ni kama nusu ya mteremko. Tukasimama, nikapanda juu, mkanda wa nyuma kushoto unaingia vidole vitatu, na ule nilikuwa nimeukaza mwenyewe mpaka racheti imegoma. Tairi lilikuwa limekaa sawa baada ya kutikisika, tyubu imejipanga, mkanda ukalegea. Meno matatu ya racheti nikaongeza. Kama tungesubiri mpaka Mombo zile kona zingefanya kazi yake. Baada ya hapo tulikagua Mombo, Korogwe, Segera, na haikulegea tena hata kidogo, ni zile kilomita za kwanza ndizo zinazodanganya.

Korogwe tukala wali na maharage, na hapo nikafanya ujinga wangu wa siku. Niliona vumbi, nikaona wingu, nikamwonea huruma bibi harusi wangu, nikanunua turubai nikamfunika. Kuanzia Segera upepo ukaingia chini ya lile turubai, zile pete za chuma za pembeni zikaanza kupiga, tap tap tap tap, kwenye keebini tunadhani ni mkanda, tumesimama mara mbili tunaangalia mikanda, iko sawa. Tumekuja kugundua Msata. Nguzo ya mlango wa kulia imekwanguliwa mpaka chuma, duara kama la sahani. Gari imekaa bandani miaka kumi na moja na kuku wanalala juu yake rangi ikabaki, mimi kwa muda wa saa tatu tu nikaitoa. Mvua haikunyesha.

Trafiki walitusimamisha mara nne kama sikosei, mmoja kwa sababu ya karatasi na watatu kwa sababu walitaka kujua ni gari gani. Mmoja, mtu mzima, alizunguka mara mbili akasema, "Hii ndiyo ile ya Mehta." Nikamwambia ndugu yake afande. Mizani ya Vigwaza tukapita vizuri, tulikuwa wepesi.

Kimara tuliingia saa nne usiku, na hakuna aliyenionya kuhusu nyaya. Gari juu ya gari ni ndefu, na mtaani kwetu zile nyaya za umeme zinazoingia majumbani zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Utingo alipanda juu na mpini wa fagio mkavu, nikamshusha palepale, tukarudi nyuma tukashushia kwenye uwanja wa kanisa, mlinzi akakubali, na safari hii kabla kitanda hakijainama nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwa sauti, jamani, P haifanyi kazi, hendibreki haifanyi kazi, breki hazifanyi kazi, hii gari inashikwa na waya na magogo tu. Utingo akasema tunajua bro. Nikasema najua mnajua, nasema tena. Ikashuka kwa winchi sentimita kwa sentimita, gogo nyuma ya kila tairi.

Asubuhi majirani wakasaidia kusukuma mita mia tatu mpaka nyumbani, ikiwa nyepesi ajabu, ukishatoa propela shafti gari ya otomatiki inasukumika kama toroli.

Kwa wenye magari ya kawaida mtaniuliza, Vitz na IST je? Hizo zinavutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo wakinyanyua mbele na ya nyuma yakaburuzika haidhuru, hendibreki iwe imeshushwa tu. Crown na Mark II wanyanyue nyuma. Yenye kuvuta yote manne ilaze kitandani, usibishane na mtu. Kitabu cha gari mara nyingi kimeandika mwisho wa spidi na kilomita za kuvutwa, mimi cha Mark II nilikisoma baada ya kununua giaboksi nyingine.

Propela shafti bado iko chini ya kitanda chetu, imefungwa kwenye ileile khanga ya mama, mke wangu anaiita mke mwenza. Injini tumeigeuza kwa mkono, inazunguka, kabureta zote mbili ziko mezani. Mama ananipigia kila Jumapili baada ya misa, hasalimii hata, anauliza, "Limewaka?" Namwambia bado mama, wiki ijayo. Anacheka, anasema hata marehemu alikuwa anamjibu hivyohivyo.